Meli inafunga gati saa 12 asubuhi Miami, ndege ya 10:40 tutaiwahi? Wenye uzoefu naombeni msaada

#1 Nyota ya Kahama
Wakuu habari zenu. Tunaishi Dallas. Machi tunaenda kruzi ya siku saba kutoka Miami: mimi, mume wangu, watoto wawili, na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Kahama. Mama ana miaka 71 na goti linamsumbua. Meli inarudi Miami Jumapili, na ratiba inasema inafunga gati saa 12 asubuhi.

Shida ni ndege ya kurudi nyumbani. Zipo tatu: ya 10:40, ya 1:55 na moja ya usiku. Ya 10:40 ni nafuu kwa dola 70 kwa kichwa, na sisi ni vichwa vitano, pigeni hesabu wenyewe. Mume wangu anasema masaa manne na dakika arobaini yanatosha kutoka bandarini hadi popote pale duniani.

Mimi nina kinyongo. Mwaka juzi tulipanda meli nyingine hapohapo Miami. Ilifunga gati kabla ya saa 12, nilikuwa kwenye roshani nikaziona kamba zikifungwa kwa macho yangu. Tulikanyaga nje saa 3:50! Karibu masaa manne meli imesimama na sisi tumesimama. Tulikuwa tunangoja nini? Nikilielewa hilo nitajua nikate tiketi ipi.

#2 Chapati Moto
10:40 ni saa kumi na dakika arobaini jioni. Dada, hiyo hata ukitoka melini kwa kuogelea unaiwahi. Swali linalofuata.

#3 Nyota ya Kahama
10:40 ASUBUHI jamani. Saa nne na dakika arobaini ya kwetu. Nimeandika kama ilivyo kwenye tiketi.

#4 Kipanga
Kata ya 10:40, usitishwe na watu. Mimi nilikuwa na ya 10:05 kutoka uwanja huohuo. Kuna utaratibu wa kushuka na begi zako mwenyewe, huziweki nje ya chumba usiku, na ndio wanaoitwa wa kwanza. Saa 1:20 asubuhi niko nje, saa 2 niko uwanjani, nimekunywa kahawa mbili nikaboreka. Bandari na uwanja wa Miami ni kama kilomita 13 tu.

#5 Mzee Bandarini
Kipanga, ulikuwa na watu wangapi na begi ngapi? Sema kweli.

Mwanangu Nyota, nimefanya kazi ndani ya meli hizi miaka tisa, idara ya vyumba, kabla sijarudi zangu Mombasa. Meli kufunga gati si mlango kufunguliwa. Kwanza daraja liwekwe. Kisha maofisa wa forodha na uhamiaji watoe ruhusa kwa meli nzima, kabla ya hapo hashuki mtu, hata awe amelala chumba cha bei ya shamba. Mizigo iliyokusanywa usiku inashushwa na makuli wa bandari kwa vizimba vya chuma na foklifti, na ukumbi wa chini ukijaa masanduku, wanapunguza kasi ya kuita namba za watu.

Halafu tazama ukubwa wenyewe. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake hapohapo Miami Januari 2024, imepangiwa abiria 5,610 kwa hesabu ya wawili kila chumba, na ikijaa sana inapita elfu saba. Watu wa mji mdogo hao, na wote wanapita lifti na daraja lilelile.

Lakini hayo yote ni madogo. Kinachochelewesha meli ni abiria wenyewe. Nimebisha milango miaka tisa. Mtu ameambiwa atoke chumbani saa 2, yeye saa 2 ndiyo anaingia kuoga. Wengine wanarudi kula mara ya tatu kwa sababu walishalipia.

#6 Dreva wa Broward
Mzee Bandarini shikamoo. Naheshimu miaka yako tisa ila nyakati zimebadilika. Mimi nabeba watu wa meli kila wikendi. Siku hizi pale gatini wana kamera za uso, mtu anaangalia, anapita, pasipoti haifunguliwi hata kidogo mara nyingi. Foleni imehamia barabarani. Saa 2 hadi saa 4 asubuhi watu maelfu wanaita gari kwa simu dakika ileile, bei inapanda, na mimi nimekwama nyuma ya mabasi namwona abiria wangu akinipungia mkono na siwezi kumfikia. Kutoka Dodge Island, kisiwa chenye bandari ya Miami, kwenda uwanjani ni dakika 20 au 25, tangu handaki la bandari lifunguliwe 2014 hata katikati ya mji hupiti. Ila kulipata gari lenyewe, weka nusu saa.

Na muulize mumeo: uwanja upi? Tiketi rahisi mara nyingi ni za Fort Lauderdale. Meli zikiwa Port Everglades, bandari ya hukohuko, uwanja wa Fort Lauderdale unauona kwa macho. Meli ikiwa Miami, hiyo ni safari nyingine ya kama kilomita 45.

#7 Nyota ya Kahama
Shikamoo ya Mzee nimeipokea na mimi kwa niaba yake 😄 Uwanja ni wa Miami, nimehakiki.

#8 Bint Unguja
Jamani mnazunguka. Ni maji hayo. Meli ikifika maji yamekupwa, daraja halikai sawasawa, wanangoja yajae. Mwambao sote tunalijua hili.

#9 Mzee Bandarini
Bint Unguja, Miami maji hayapandi hata mita moja kwa kawaida. Hayo ya kungoja ni ya kwetu, ambako bamvua inapita mita tatu na ngalawa inaachwa mchangani kama imesahauliwa. Miami daraja linakaa wakati wowote.

#10 Bint Unguja
Haya nimekubali kwa Miami. Ila mimi niko Uingereza na napandia Southampton, na huko maji yanapanda kama mita nne, kwa hiyo sijasema uongo, nimekosea bandari tu. Na sisi wenzenu uwanja wa ndege wa Heathrow ni zaidi ya kilomita 100 kutoka melini, basi la abiria masaa mawili Mungu akipenda. Nilikata ndege ya kwenda Unguja ya jioni siku ileile, na wallahi sikuona vibaya kukaa.

#11 Chapati Moto
"Nimekosea bandari tu." Naiba hii sentensi.

#12 Kasumbalesa
Salamu kutoka Houston. Mnasahau ukungu. Sisi tunapandia Galveston, na miezi ya baridi hadi Machi ukungu ukikaa juu ya mlango wa bandari, rubani wa bandari hawezi kuiingiza meli, basi meli inazunguka nje huko baharini. Safari yetu ya mwisho tuliamka saa 1 asubuhi tukijua tumefika, kuchungulia dirishani ni weupe mtupu kama tuko ndani ya pamba. Tulifunga gati saa 7 mchana. Siku hiyo aliyekuwa na ndege ya saa nne na aliyekuwa na ndege ya saa sita walilia kilio kimoja.

#13 Kipanga
Ukungu ni wa Galveston na Tampa. Nyota anazungumzia Miami. Tusimtishe mtu kwa hali ya hewa ya mkoa mwingine.

#14 Kasumbalesa
Sawa, ila hata Miami meli inaweza kugeuza njia usiku kumpeleka mgonjwa. Sisemi itatokea. Nasema saa 12 ya kwenye ratiba ni nia njema.

#15 Sanduku la Bluu
Nimecheka hapo namba 2 lakini mimi si wa kucheka. Ndugu yangu mmoja alimwandikia mkewe ujumbe "ndege yetu saa 10". Mke akili yake saa kumi jioni. Akashuka melini taratibu, akaenda kula samaki ufukweni, akapiga picha. Mume alikuwa ametangulia uwanjani na watoto, anapiga simu haipatikani. Saa nne asubuhi iliondoka na mume. Mpaka leo ukimtajia samaki anabadilisha mada.

#16 Chapati Moto
Kwa hiyo napendekeza humu ndani kila mtu aandike asubuhi, mchana au jioni. Huu uzi utasababisha talaka.

#17 Mpemba wa Ruwi
Assalamu alaykum. Huku Ghuba meli nyingi zinazomalizia Dubai zinafika siku moja kabla na kulala gatini. Asubuhi unashuka tu, huna presha ya rubani wala ukungu. Kwa nini Marekani hawafanyi hivyo?

#18 Mzee Bandarini
Waalaykum salaam. Kwa sababu meli ya Miami haipumziki. Asubuhi inatapika watu elfu tano, jioni saa 10 inaondoka na elfu tano wengine. Na hao wapya wanaanza kuingia hata kabla ya saa 6 mchana. Ndiyo maana ikifika saa 3:30 asubuhi sauti ya tangazo inabadilika, mwanzo ni "wageni wetu wapendwa", mwishoni ni kama askari wa kituo cha mabasi. Na wakibaki watu wachache hawajahesabiwa kutoka, shughuli ya kupokea wapya inasimama. Nyota, hiyo 3:50 yako, nyie mlikuwa wa mwisho mwisho. Namba yenu ya kushuka ilikuwa ngapi?

#19 Nyota ya Kahama
Mzee umenipata. Ilikuwa 31 kati ya 34 😅 Nilichagua mwenyewe, nilitaka tunywe chai vizuri.

#20 Kipanga
MNAONA? Tatizo halikuwa meli wala serikali, tatizo ni chai.

#21 Dreva wa Broward
Hata hivyo chai haielezi kila kitu. Siku za Jumamosi na Jumapili meli zinajipanga pale saba au nane. Meli yako inaweza kumaliza haraka, lakini barabara ni moja.

#22 Mama Neema Ohio
Dada Nyota kabla ya tiketi, naomba kuuliza la muhimu: viza ya mama ni ya kuingia mara nyingi? Akienda Jamaika au Mexico kwa meli ametoka Marekani na anarudi kuingia upya. Raia wa Marekani kwenye kruzi zinazoanzia na kuishia bandari ileile wanaruhusiwa hata na cheti cha kuzaliwa. Mama hana hiyo ruhusa. Pasipoti mkononi na viza hai. Nyie wenye kadi za kijani, kadi mkononi.

Nasisitiza MKONONI. Mimi nilifunga pasipoti ya binti ndani ya sanduku, nikaliweka koridoni saa 4 usiku kama walivyoagiza. Saa 5 nakumbuka. Sanduku limeshachukuliwa. Asubuhi tulikaa pembeni mpaka likatafutwa kati ya masanduku elfu kadhaa yote meusi.

#23 Nyota ya Kahama
Ni ya kuingia mara nyingi, tuliliangalia hilo kwanza. Ahsante dada, pasipoti zote nitazivaa shingoni.

#24 Sanduku la Bluu
Shemeji yangu aliziweka nje suruali zote. Zote. Aliingia Marekani na bukta ya kuogelea na kanga ya mkewe kiunoni. Ofisa alimwangalia, akamwambia karibu nyumbani.

#25 Mama Neema Ohio
😂😂 Na matunda! Mwambieni mama asibebe ndizi wala embe kutoka melini. Kuna mbwa wa kunusa, na tunda ambalo hukulitaja faini yake inaweza kuanzia dola 300. Mama mkwe wangu alikuwa na chungwa la kifungua kinywa kwenye mkoba, mbwa mdogo mpole akaja akakaa chini mbele yake. Mama mkwe akafikiri anasalimiwa. Bahati nzuri walilichukua tu.

#26 Kasumbalesa
Tumrudie mleta mada. Dada, mimi sihesabu masaa kutoka gatini. Nahesabu kurudi nyuma. Mashirika mengi hapa Marekani hufunga kupokea mizigo dakika 45 kabla kwa safari za ndani. Ndege ya 10:40 asubuhi, kaunta inafungwa 9:55, yaani saa 3:55 asubuhi ya kwetu. Toa foleni ya kaunta hapo, toa gari, toa kusubiri gari. Unatakiwa uwe umesimama nje ya jengo la bandari saa 2:45 asubuhi. Kipanga na begi lake la mgongoni anaweza. Wewe una mama mwenye goti.

Na jambo ninaloliuliza kwanza kabla ya bei: ikikuacha hiyo, ipo nyingine baada yake? Miami kwenda Dallas ndege ziko nyingi kwa siku, hapo una bahati. Lakini Machi wanafunzi wako likizo, ndege zimejaa. Kiti kimoja utapata. Vitano pamoja sijui.

#27 Kipanga
Mama aombewe kiti cha magurudumu. Watu wa viti wanapitishwa mbele kila mahali, hiyo ndiyo njia ya mkato. Wangekuwa wa kwanza.

#28 Mzee Bandarini
Uwanja wa ndege ndiyo. Melini sivyo. Wanaohitaji kusukumwa wanakusanywa ukumbi mmoja, na wanangoja wasukumaji, ambao ni wachache kuliko viti. Msukumaji akimpeleka mmoja hadi barabarani, lazima arudi. Nimeona watu wakisubiri dakika kumi na nimeona wakisubiri saa nzima na zaidi.

#29 Bint Unguja
Samahani, Jumapili ya ngapi ya Machi?

#30 Nyota ya Kahama
Ya pili.

#31 Bint Unguja
Siku hiyo Marekani wanasogeza saa mbele! Usiku wa kuamkia Jumapili ya pili ya Machi, saa 8 usiku inakuwa saa 9. Mna saa moja pungufu ya kulala.

#32 Kipanga
Haihusu. Meli nayo inasogeza saa. Saa 12 inabaki saa 12.

#33 Kasumbalesa
Inahusu kwa namna nyingine. Meli inasogeza, mwili hausogezi. Watu elfu tano wataamka wakijihisi ni saa 11 alfajiri, watachelewa kutoka vyumbani, tunarudi kwa abiria wa Mzee Bandarini. Na simu je? Simu iliyozimwa mtandao melini inaweza kubaki na saa ya zamani. Kengele italia saa moja baadaye na hakuna atakayejua.

#34 Chapati Moto
Kwa hiyo sasa tuna 10:40 ya tiketi, saa 4:40 ya Kiswahili, 3:40 ya simu, na saa ya goti la mama. Naomba kalamu.

#35 Mpemba wa Ruwi
Nunueni saa ya ukutani, muiweke chumbani.

#36 Mama Neema Ohio
Nyota, kata tiketi leo usizidi kuumiza kichwa. Ukinunua moja kwa moja kwa shirika la ndege na safari iko angalau siku 7 mbele, kwa sheria ya Marekani una saa 24 za kughairi na kurudishiwa hela yako yote. Kata, lala nayo, asubuhi uamue.

Ila usikate ya usiku ukidhani ndiyo salama kabisa. Ndege za mwisho za siku zikiahirishwa unalala Miami kwa hela yako. Na mashirika mengi hayapokei begi mapema zaidi ya masaa manne kabla, mtazunguka na masanduku kutwa nzima mkimsukuma na mama.

#37 Nyota ya Kahama
Nimekata ya 1:55 mchana. Mume wangu ameandika kwenye karatasi "dola 350" na kuibandika kwenye friji. Mama ameuliza kwa nini tusilale Miami siku moja aone wazungu wanavyoota jua. Ahsanteni wote.

#38 Kipanga
Dola 350 za uoga. Usisahau mrejesho.

#39 Nyota ya Kahama
MREJESHO. Tumerudi salama na chupa zetu za pilipili za Jamaika, Mungu mwema.

Meli ilifunga gati saa 11:40 alfajiri. Tulikuwa tayari saa 1:30 asubuhi, pasipoti shingoni, suruali zote mwilini. Mama akapelekwa ukumbi wa viti. Mzee Bandarini, ulisema. Wasukumaji walikuwa watatu kwa watu kama hamsini. Mama alimaliza rozari mbili. Tuliitwa saa 3:20. Kwa ofisa ilikuwa dakika chache, alimuuliza mama amependa nini, mama akajibu kwa Kisukuma, wakaelewana. Nje ya jengo saa 3:45, gari lilitupata saa 4:10, uwanjani tukafika saa 4:35. Yaani ile ya 10:40 tungeipungia mkono ikiwa inaondoka.

Ila kuna wanandoa tuliokuwa nao meza moja, nao wa Dallas, begi mgongoni tu. Walikuwa na ile ile ya 10:40. Wamenitumia picha wakiwa wameketi ndani, mikanda imefungwa, wanacheka.

#40 Kipanga
Asanteni, nimeshinda.

#41 Mzee Bandarini
Umeshinda nini? Hujasoma habari ya mama?

#42 Dreva wa Broward
Dakika 25 za kungoja gari. Mimi sisemi kitu.

#43 Bint Unguja
Na saa kusogezwa kulileta shida?

#44 Nyota ya Kahama
Simu ya mume wangu ilibaki nyuma. Aliamka ametulia kabisa, ananiuliza mbona nina haraka. Lakini sijamaliza. Ndege yetu ya 1:55 ikaanza kusogezwa. Kwanza saa 8:30 mchana, halafu saa 9:15, mara mlango umebadilishwa, mara rubani anatafutwa. Mnajua iliruka saa ngapi? Saa kumi na dakika arobaini jioni.

#45 Chapati Moto
10:40. Post namba 2. Naomba heshima yangu.

#46 Kasumbalesa
😂😂😂 Kwa hiyo watu wa 10:40 wote waliiwahi.

#47 Sanduku la Bluu
Na zile chupa za pilipili za Jamaika, mlipita nazo kwenye ukaguzi?

#48 Nyota ya Kahama
Zilipita, tuliziweka ndani ya sanduku. Mama ameonja jana na ugali, anasema ni tamu lakini mbona haziwashi.